Mwenye Kitambaa

Maiti ilikuwa imekaa kitako nyuma ya kabati la rilei, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka akajipumzisha kidogo. Mkono wa kulia ulilala pajani. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kiungo. Bisibisi ilikuwa imeanguka katikati ya miguu, na juu ya kichwa waya mmoja ulining'inia, ncha yake wazi.

Inspekta Kyakimwa alichuchumaa, akaangalia vile vidole. Hakusikia kitu moyoni. Tangu amzike mumewe, maiti na kiti vilikuwa kwake sawasawa, na chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Kazi aliifanya vizuri, pengine kuliko zamani.

"Jina lake?"

"Wenceslas. Fundi wangu wa rilei," alijibu mtu aliyesimama mlangoni. Huyo alikuwa Hamadi, mkuu wa umeme wa kiwanda, mzee wa kitambi aliyeshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili.

Kiwanda chenyewe ni cha barafu, kando ya barabara ya kwenda Wagenia. Samaki wa Wagenia, wa Yanonge, wa Isangi, wengi hulala kwanza kwenye barafu yake kabla ya kufika sokoni. Chumba cha umeme, ambacho wenyewe wanakiita kabini, kiko nyuma, upande wa mto. Ng'ambo ya ukuta kompresa zilikuwa zinanguruma.

"Mashine bado zinatembea," Kyakimwa alisema.

"Tukizima, samaki inaoza, mama Inspekta."

"Na huyu?"

Hamadi aliangalia sakafu.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Kubadilisha mita. Ile ya zamani ilikufa."

"Mlikata umeme?"

"Apana. Kazi hii tunafanyaka na umeme ndani. Iko na namna yake."

Alimpeleka kwenye ujia mwembamba uliotenganisha chumba cha rilei na chumba cha msimamizi wa zamu. Ukutani palikuwa na sanduku la chuma lililofunguliwa, lina safu ya skrubu na waya.

"Umeme ya kiwanda ni mukubwa," Hamadi alisema. "Ukiingiza katika rilei, unaichoma. Donc, ndiyo maana kuna transfoma ndogo, tunaita TC. Inachukua ile mukubwa, inatoa mudogo, rilei inasoma. Ikiona mubaya, inakata. Bon. Lakini TC iko na tabia moja. Waya yake haifunguliwe hata kidogo. Ukifungua, ile umeme mudogo inakosa njia, inapanda, inapanda, inakuwa kitu ya kuua."

"Sasa fundi anafunguaje?"

"Anaweka daraja kwanza. Angalia."

Daraja lilikuwa kipande cha shaba kilichounganisha skrubu mbili. Lilikuwa mahali pake, limekazwa.

"Umeme inapita hapa, inarudi kwao. Kule nyuma unaweza kushika waya na mukono."

Juu ya daraja kilifungwa kipande cha liputa, kitambaa cha kike, cha kijani chenye picha za vitana vyekundu.

"Na hii?"

"Desturi yetu. Kila fundi iko na kitambaa yake, ya bibi yake. Akiweka daraja, anafunga. Mwenye kitambaa ndiye anafungua. Mwingine hagusi. Hata mimi shefu sigusi."

"Daraja iko. Kitambaa iko. Mbona amekufa?"

"Pengine ni moyo."

Kyakimwa alikumbuka vile vidole. Moyo hauchomi vidole.

Msimamizi wa zamu alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Josée, ovaroli ya bluu, nywele fupi zinazoanza kuota baada ya kunyolewa. Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya meza ya taa na vitufe, mikono juu ya magoti. Yeye ndiye aliyeikuta maiti na kupiga simu.

"Uliondoka hapa asubuhi?"

"Sijaondoka. Nilienda kumuangalia kwa sababu alikawia."

"Hii taa ya rangi ya chungwa ni ya nini?"

"Inasimamia waya za TC. Iko na mashine yake kule kwenye transfoma zenyewe, mbele ya daraja. Inalinganisha waya tatu. Moja ikikosa umeme, taa inawaka, king'ora inalia."

"Asubuhi hii ililia?"

"Apana."

"Ulisikia nini?"

"Kompresa."

Taa ilikuwa imezima. Kyakimwa alimwambia Merdi, polisi kijana aliyekuja naye, apige picha kila kitu: maiti, waya, sanduku, daraja, taa. Merdi alipiga picha, akatoka nje. Hakukaa, akarudi mbio.

"Shefu, batu banachoma meza ya mama wa lituma kule kwa mulango! Banasema yeye ndiye aliroga!"

*

Mama Sophie alikuwa akiuza lituma, ndizi za kuponda, kwenye lango la kiwanda, miaka mingi. Jana yake Wenceslas alipita na pikipiki, akapiga teke mbabula yake, makaa yakamwagika. Mama Sophie akamwambia mbele ya watu wote: "Ile mukono na mguu yako ya kiburi itakauka!" Leo mkono umekauka. Kwa watu wa lango hapakuwa na haja ya daktari.

Kyakimwa alimkuta amekumbatia sufuria tupu, damu inamtoka kwenye nyusi, vijana wamemzunguka na mmoja ameshika chupa ya petroli. Hakupiga kelele. Alipita katikati yao, akamshika mama mkono, akamwingiza kwenye jipu kama mtu anayepakia gunia. Vijana walifuata jipu kwa miguu mpaka kituo cha polisi, wakakaa nje ya uzio.

Mkuu wa kituo aliwaangalia kwa dirisha.

"Kesho ninamupeleka parke, kwa waendesha mashitaka," alisema.

"Kwa kosa gani, Komanda?"

"Kwa ile kosa wanayosema. Mimi niko na polisi wachache, Kyakimwa. Wale wanataka jina. Niletee jina ingine kabla ya kesho, ama ninawapa hii. Nikimuachilia hivi, hafiki nyumbani."

Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua kwamba hata parke hafiki salama. Kyakimwa alitikisa kichwa, akaenda hospitali.

Daktari wa maiti hakuwa mtu wa maneno. Umeme uliingia kidoleni, ukapita kifuani, ukatokea kwenye kiwiko cha kushoto kilichokuwa kimegusa chuma cha kabati. Moyo ulisimama.

"Umeme mdogo?" Kyakimwa aliuliza.

"Mdogo haufanyi hivi."

*

Kwenye kasho, chumba cha mahabusu pale kituoni, mama Sophie alikuwa ameketi juu ya sufuria yake aliyoigeuza kifudifudi.

"Mama, ulimwombea mabaya?"

"Nilimutukana. Weye mutu akipiga teke chakula yako utamuimbia?"

"Unajua dawa ya umeme?"

"Ningekuwa ninaijua, nyumba yangu ingekuwa na taa."

Merdi alicheka, akajizuia. Kyakimwa aliendelea.

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa meza yangu. Ninaponda ndizi."

"Uliona nini, ulisikia nini?"

"Sikuona kitu. Nilisikia ile kitu yao ya juu ya nyumba, ile inalialiaka kama mbuzi."

Kyakimwa aliacha kuandika.

"King'ora? Kililia?"

"Kililia kidogo, kikanyamaza. Wenye kuwa ndani hawasikiaka, banazibaka masikio juu ya kelele. Mimi nilisikia. Hata muteja wangu alisikia, akaruka, akaacha sahani."

"Mteja gani?"

Mama Sophie alitazama ukuta.

"Mama. Nje kuna vijana na petroli. Mteja gani?"

"Papa Hamadi. Kila siku anakulaka kwangu. Aliniona wakinichomea meza, akapita. Muulize kama lituma ilikuwa na uchawi. Alikula sahani mbili."

*

Hamadi alikuwa peke yake kabini. Kyakimwa hakukaa.

"Ulikuwa wapi Wenceslas alipokufa?"

"Hapa na pale, mama Inspekta. Kazi ni mingi."

"Ulikuwa kwenye lango, unakula."

Kofia ngumu ilizunguka mikononi mwake.

"Kazi ya waya za TC na umeme ndani," Kyakimwa alisema, "mkuu anapaswa kuwa wapi?"

"Karibu na fundi," Hamadi alijibu kwa sauti ndogo. "Anasimama karibu mpaka inaisha. Ni sheria."

"Ulisikia king'ora."

"Nilisikia."

"Na mama Sophie iko kasho. Asubuhi anapelekwa. Ulikula chakula yake, papa, na mkono wako haukukauka."

"Nikisema nilikuwa kule, wananifukuza. Niko na umri gani ya kutafuta kazi ingine?" Alipangusa uso. "Nilikimbia kurudi. Nikafika, taa imezima. Nikajiambia nimesikia vibaya. Nilitaka iwe vile."

"Taa inazimwa namna gani?"

"Kuna kitufe. Unabonyeza na mukono. Ikishawaka haizimike yenyewe, hata waya ikipona. Ni makusudi, ili mutu ajue kulikuwa na shida."

"Mtu yeyote anaweza kubonyeza?"

"Anaweza, lakini..." Kofia iliacha kuzunguka.

"Lakini nini?"

"Haikubali kama waya bado imefunguka. Unabonyeza, inawaka tena. Lazima ufunge njia ya umeme kwanza. Ndipo inazima."

Kyakimwa alimpa simu ya Merdi, picha ya daraja. Alimwambia aikuze.

"Ncha ya shaba. Hii nyeusi ni nini?"

Mzee alitazama muda mrefu.

"Cheche. Daraja inatoa cheche ukiitoa umeme ikipita. Ukiikuta hivi, mutu aliichomoa wakati kule nyuma waya iko wazi." Alirudisha simu. "Wenceslas alikuwa ameshika ile waya."

"Kisha ilirudishwa."

"Ilirudishwa."

"Na maiti?"

"Maiti hairudishi kitu, mama Inspekta."

Kompresa moja ilizima, nyingine ikawaka. Kyakimwa alisogea kwenye sanduku, akafungua kile kitambaa cha kijani, akakiweka kwenye bahasha.

"Umeniambia kila fundi ana kitambaa cha mke wake. Mke wa Wenceslas yuko wapi?"

"Hakuoa."

"Basi hiki ni cha nani?"

"Ile liputa ya vitana..." Hamadi alikaa chini, juu ya ndoo. "Ile ni ya Jeancy. Fundi wangu mwingine. Alikufa mwaka uliopita. Kebo iligusana, rilei ilipaswa kukata, haikukata. Swichi kubwa ililipuka usoni mwake. Tulipoangalia, mutu alikuwa amesahau daraja kwenye waya. Umeme ilikuwa inapita kwa daraja, rilei haikuona kitu, ilikuwa kipofu. Na kitambaa juu ya daraja ilikuwa hiyo. Tukaandika: kosa ya marehemu. Baada ya ile moto ndipo wakaleta mashine hii ya taa."

"Jeancy aliacha mke?"

Hamadi aligeuka. Aliangalia meza ya msimamizi wa zamu, kiti kilichokuwa tupu.

"Josée," alisema.

*

Josée alikaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kyakimwa na Merdi walivuka kwa mtumbwi wa mota pamoja na wauza mihogo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Mwendesha mtumbwi alimtania Merdi kwa viatu vyake vyeupe. Merdi akamwambia aangalie mbele. Kyakimwa alitazama maji tu.

Walimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachambua pondu, majani ya muhogo. Aliwaona tangu mbali. Hakuinuka, hakukimbia.

"Karibuni," alisema. "Kiti iko kimoja."

Mlangoni palining'inia pazia. Lilikuwa la kijani, lenye vitana vyekundu. Pembe ya chini ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Kyakimwa alitoa bahasha, akaweka kile kipande kwenye pembe. Vitana vilikutana, nusu kwa nusu.

"Liputa ya ndoa?"

"Ya ndoa."

"Ulikata vipande vingapi?"

"Tatu. Moja ya Jeancy, mbili ya Wenceslas."

"Kwa nini Wenceslas?"

"Hakuwa na bibi. Bale wengine walimucheka, banamuambia afunge daraja na soksi. Alikuja kulalamika hapo umesimama. Jeancy akaniambia: mukatie, ni ndugu. Nikamukatia." Alitupa kikonyo. "Ilikuwa makosa. Kitambaa moja haitakiwe kuwa na wanaume wawili. Lakini tulikuwa tunapendana na kila mutu, wakati ule."

"Daraja lililosahauliwa mwaka jana lilikuwa la nani?"

Josée aliingia ndani. Merdi alitaka kumfuata, Kyakimwa akamzuia kwa kidole. Alirudi na kikombe cha chuma. Ndani yake palikuwa na kipande cha tatu, kimekunjwa, ukingo umeungua kidogo.

"Wale wa hospitali walinipa nguo zake katika mufuko. Niliingiza mukono katika suruali. Hii ilikuwa ndani. Alikuwa amekunja muzuri, vile alikunjaka. Kama yake iko mufukoni, ile ya juu ya daraja ni ya nani?"

"Ungemwonyesha Hamadi."

"Liputa iko hapa kwa mulango, Inspekta. Na mukasi iko ndani. Wangesema nimekata ingine jana usiku."

Kyakimwa aliliangalia tena pazia lililokatwa. Ndivyo wangesema. Hata yeye angesema.

"Nilienda kwa Wenceslas mwenyewe," Josée aliendelea. "Hakukataa. Alilia hata. Akaniambia: 'Josée, Jeancy hawezi kufukuzwa kazi tena. Mimi bado.' Nikamwambia, sema tu, hata kwa mama ya Jeancy tu, kule Isangi. Mama yake anaambiwaka na batu kwamba mutoto wake alijiua kwa uzembe, na karibu achome kiwanda. Akasema atasema. Nikangoja. Siku ya kutoa matanga nilimupa kiti ya mbele. Nilijua atasimama. Alikula, akacheza muziki, akaenda."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma mita.

"Asubuhi ile."

"Asubuhi ile aliweka daraja. Mimi niko kwa kiti yangu, ninamuona. Akatoa kitambaa. Nikamuuliza: Wenceslas, ile ni ya nani? Akacheka kidogo. Akasema: 'Ya Jeancy. Inanilindaka.' Akaenda nyuma ya kabati."

Jogoo alipita kati yao. Josée alimfukuza kwa mguu.

"Nilisikia anafungua skrubu. Nikavaa glavu. Nikachukua bisibisi. Nikafungua kitambaa kwanza. Nikatoa daraja."

"Ulijua itamuua."

"Ndiyo kazi yangu kujua."

"Kisha?"

"Cheche. King'ora. Taa. Hakulia, yeye. Nilisikia kitu kimeanguka, bisibisi yake nafikiri. Halafu mukono yangu ikarudisha daraja, ikakaza, ikafunga kitambaa. Nikaenda kwa meza, nikabonyeza kitufe, taa ikazima."

Kyakimwa alisogea karibu. Lilikuwa swali alilolibeba tangu kabini, na kwa mara ya kwanza siku ile alitaka kweli kujua jibu.

"Kama ungeliacha daraja chini, na taa ikiwaka, kila mtu angesema Wenceslas alisahau. Kama walivyosema kwa Jeancy. Mimi nisingekuja hapa."

"Najua. Nilifikiri baadaye, mumeshafika, munapiga picha. Nikaiangalia ile taa imezima, nikajiambia: Josée, umejimaliza." Aliangalia mikono yake. "TC haiachwe wazi. King'ora ikilia, unafunga njia, unazima taa. Walinifundisha vile, miaka yote ninafanya vile. Haikuwa akili. Ni mukono."

"Na mama Sophie? Ulijua wamemkamata?"

"Nilijua."

"Wangemchoma."

"Najua. Nilikaa hapa, nikingoja nisikie kitu juu yake. Huruma, ao haya. Ili niinuke, nivuke, niseme. Haikuja. Tangu ile mufuko wa hospitali hakuna kitu inakuja. Weye hujui vile iko."

Kyakimwa alifunga daftari.

"Simama, dada. Twende."

Josée alisimama, akafunika pondu kwa sahani ili jogoo asile. Aliomba kitu kimoja tu. "Ukiandika, andika na ya Jeancy. Andika ile kitambaa ya mufukoni."

"Nitaandika."

"Watakuuliza kwa nini niligusa daraja ya mwenzangu. Kwetu haigusiwe." Alivuta pazia, akafunga mlango nyuma yake. "Waambie liputa ni yangu. Mwenye kitambaa ndiye anafungua. Nilifungua."

*

Mkuu wa kituo alipata jina lake jioni ileile. Alitoka mwenyewe kuwasomea vijana wa nje, na Hamadi akasimama pembeni yake, akasema mbele ya wote alikuwa wapi na anakula kwa nani wakati king'ora kinalia. Alisema polepole, kofia kifuani. Wengine walitawanyika. Wengine walisema polisi wamenunuliwa. Mwenye chupa ya petroli aliirudisha kwenye pikipiki yake, akapiga stati.

Taarifa iliandikwa kurasa mbili: moja ya Wenceslas, moja ya Jeancy. Nakala ya ile ya Jeancy, Kyakimwa aliipa mashua ya Isangi ipelekwe kwa mama yake.

Kesho yake alipita langoni. Mama Sophie alikuwa amerudi mahali pake. Meza hakuwa nayo. Alitandika ubao juu ya mawe mawili, na plasta kwenye nyusi. Lituma ilikuwa inatoa moshi. Wafanyakazi walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, kundi zima, wanaangalia na njaa yao. Hakuna aliyevuka.

"Tangu asubuhi?" Kyakimwa aliuliza.

"Tangu asubuhi. Banataka waone nani atakufa kwanza."

Kyakimwa alivuta jiwe, akakaa akiwatazama wale wa ng'ambo. Akanawa. Akachukua tonge kwa mkono wa kulia, taratibu, wote waone mkono, akalitia kwenye mchuzi wa samaki, akala.

Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akakunja uso.

"Mama, chumvi imezidi."

Mama Sophie alimtazama, mwiko juu.

"Imezidi?"

"Imezidi kabisa."

"Bon. Weye ndiye wa kwanza kulalamika. Bale wengine hata kulalamika hawataki."

Ng'ambo ya barabara mtu mmoja alicheka, kisha akashuka kwenye lami. Kyakimwa hakumwangalia. Alikuwa anaramba kidole, anaonja tena ile chumvi, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Ongeza lituma," alisema.